Fundi wa Kuuliza

Mwaka 2013 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kivu, mashariki mwa Kongo. Wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono, au walioushuhudia, walipimwa huzuni, hofu na mshtuko wao, wakasaidiwa, kisha wakapimwa tena. Aliyeongoza ni Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na miongoni mwa wenzake alikuwamo Debra Kaysen, mwanasaikolojia tiba. Matokeo yake hunukuliwa sana, na nitayafikia. Ila kinachonivuta mimi ni ufundi uliotangulia matokeo hayo.

Tiba waliyopewa wanawake hao ilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, mikononi mwa Patricia Resick, naye pia mwanasaikolojia tiba. Ilitungwa kwa ajili ya watu wenye kalamu. Mgonjwa hupewa karatasi yenye safu tatu: kilichotokea, nilichowaza, nilichohisi. Huijaza nyumbani na kurudi nayo kwa mtaalamu. Sasa ipeleke karatasi hiyo kijijini ambako wengi hawajui kusoma, mtaalamu hayupo, na lugha za kazi ni Kibembe, Kifuliru, Kihavu, Kimashi na Kiswahili. Sisi wa Ujiji tunazijua baadhi ya sauti hizo. Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika ni Fizi na Baraka, na watu wa huko wamekuwa wakivuka maji haya tangu enzi za misafara ya pembe.

Walichofanya watafiti ni kuiondoa karatasi na kuzibakiza safu. Maelezo yalifupishwa hadi yakawa kitu ambacho mtu anaweza kukishika kichwani akiwa shambani au njiani kwenda kisimani. Asiye fundi angepunguza kila mahali kidogo kidogo, mwisho akabaki na kitu chepesi kisichofanya kazi. Hawa walijua nguzo ni ipi na pazia ni lipi.

Nguzo ilikuwa kutenganisha wazo na hisia. Ukisikia hivyo unaona rahisi. Nenda Kibirizi, umuulize mama aliyemsubiri mwanawe hadi jua likachomoza na mtumbwi haujarudi: ulijisikiaje? Atakwambia, “Niliona wamezama.” Hilo ni wazo. Hisia ni hofu, na hofu hajaitaja. Sote tunaongea hivyo, tena bila hasara yoyote, mpaka siku wazo linapokuwa ndilo linalotuumiza. Chukua mfano wa kufikirika: mwanamke alikimbia kijiji usiku akiwa na watoto wawili, akamwacha mama yake mzee. Miaka imepita, naye kila siku anasema moyoni, “Mimi ndiye niliyemuua.” Hatia anayoihisi ni ya kweli, haibishaniwi. Kinachoweza kuguswa ni lile wazo lililokaa juu yake.

Na hapa ufundi unaonekana, kwa sababu msaidizi anayeongoza kikao hamwambii “usilie”, wala “si kosa lako”. Maneno hayo mwanamke ameshayasikia kwa kila jirani na hayakumsaidia. Msaidizi anamuuliza. Usiku ule ulijua nini, na nini umekijua baadaye? Ungeweza kubeba wangapi? Mama mwenyewe alisema nini ulipokuwa mlangoni? Maswali yanakwenda polepole, na jibu likija ni lake mwenyewe. Kazi nzima ilikuwa kikao kimoja cha mtu mmoja mmoja, kisha vikao 11 vya kikundi kidogo, vikiongozwa na wanawake wa Kongo ambao hawakuwa wanasaikolojia na walipata mafunzo ya majuma, si ya miaka.

Kwetu dawa ya kwanza ya uchungu ni “jikaze”. James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford amefanya kazi miaka mingi kuonyesha kwamba kuficha hisia usoni hakupunguzi uchungu wa ndani, bali kuligeuza jicho unalolitazamia jambo huweza kuupunguza. Silipokei hilo lote. Majaribio yake mengi yalifanywa kwa vijana wa chuo waliokuwa wakitazama filamu, na “jikaze” ya msibani Ujiji haisemwi na mtu aliyekaa mbali: anayeisema amekushika bega na usiku analala mkekani pamoja nawe. Hata hivyo majirani wakishaondoka, wazo hubaki na mwenyewe. Tiba ya Kivu ilianzia hapo.

Matokeo basi. Miezi sita baada ya tiba, katika vijiji vilivyopata vikao vya kikundi, waliokuwa bado na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9. Katika vijiji vya kulinganisha, ambako wanawake walipata msaidizi wa kuwasikiliza mmoja mmoja kila walipomhitaji, walikuwa asilimia 42. Wengi husoma tofauti hiyo na kufunga ukurasa. Mimi natazama pia ile 42, kwa kuwa mwanzoni kundi hilo lilikuwa juu ya asilimia 80. Kusikilizwa tu, bila mbinu, huenda kulikuwa kumeshafanya kazi kubwa, na watafiti hawakulificha hilo ili tiba yao ing'are zaidi.

Tiba hiyo ikaja upande wetu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa kukimbia vita. Huko Wietse Tol, Claire Greene na wenzao, pamoja na madaktari wa akili wa Muhimbili, Jessie Mbwambo na Samuel Likindikoki, waliendesha mradi ulioitwa Nguvu. Ulihusu wanawake 311 wa Kongo waliokuwa wanapigwa au kuteswa na waume na wenzi wao, na ambao tayari walikuwa katika vikundi vya wanawake kambini. Vikao vilikuwa vinane.

Lakini fundi mzuri hujua pia zana yake inaishia wapi. Mwanamke anayesema “usiku wa leo atanipiga” hana wazo la kunyooshwa. Hofu yake inasema kweli. Ukimfundisha kulitazama jambo kwa jicho jingine na kuishia hapo, unamzoesha kipigo. Kwa hiyo Nguvu iliunganisha mambo mawili: kazi ya mawazo na hisia kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine ushauri wa usalama, yaani aende wapi, amwambie nani, ana haki gani, apange nini kabla ya hatari. Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko takwimu yoyote ya mradi ule.

Hata kuuliza kulikuwa na hatari yake. Katika tafiti za ukatili wa nyumbani msaili hufuata kanuni zilizowekwa na Shirika la Afya Duniani: mahojiano ni ya faragha, nyumba moja huulizwa mwanamke mmoja tu, utafiti hutajwa kwa jina lisilomchongea mtu, na mume akitokea mlangoni swali hubadilika papo hapo likawa la kikohozi cha mtoto au maji ya bomba. Msaili asiyeweza kubadilisha mada bila kubadilika uso hafai kazi hiyo, hata awe na shahada tatu.

Katika mradi wa Nguvu, vikundi viligawanywa kwa bahati nasibu, vingine vipate Nguvu na vingine msaada wa kawaida wa kambini. Na jaribio lilitajwa waziwazi kuwa la kuona kama kazi hii inawezekana na ni salama, wala si la kutangaza ushindi. Kiasi hicho cha unyenyekevu ni adimu, hasa pale mfadhili anaposubiri picha.

 

Kilichobaki ni usimamizi, ambao ripoti huupa aya moja. Kule Kivu msaidizi wa kijijini alikuwa na msimamizi Mkongo wa kumrudia, na wasimamizi nao waliongea kwa simu na wakufunzi walioko Marekani, tiba ikiendelea. Kesi ya kikao kilichokwama ilipanda ngazi hiyo, ushauri ukashuka. Mfadhili anapobana bajeti, ngazi hiyo ndiyo huanza kukatwa, maana haionekani kwenye picha. Mimi ningekata magari kwanza.