Nguo na yai la Pasaka

Ndugu wasomaji, ninyi mnaojua kuchagua kitenge kizuri mtanisaidia kupima jambo hili. Katika Marekani wako watu wanaopamba mayai ya Pasaka kwa hariri, mara nyingi tai kuukuu ya baba. Yai bichi hufungwa ndani ya hariri, sura ya nguo ikigusa ganda, likazungushiwa kitambaa cheupe, kisha likachemshwa katika maji yenye siki dakika 20 hivi. Rangi huhamia gandani. Ukilifungua, unaona maua yaleyale ya tai.

Linapendeza, sikatai. Lakini litazame vizuri. Pale hariri ilipokunjwa, maua yamekatika; kwenye ncha yamesongamana. Maua yale yalichorwa kwa kifua cha bwana, si kwa yai. Tena rangi ya nguo si chakula, na watoto wataomba kulila.

Waukraine hawachanganyi mambo hayo. Yai la kuliwa huchemshwa na kutiwa rangi moja tu, nalo huitwa krashanka. Yai la mapambo ni pysanka, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2024 katika orodha ya urithi wa mataifa, kwa jina la Ukraine na Estonia. Huandikwa kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kwa kifereji kidogo cha shaba juu ya kijiti. Palipo na nta, rangi haiingii. Yai huzamishwa katika manjano, kisha nyekundu, mwisho nyeusi, na kila mara nta huongezwa; baadaye hupashwa moto wa mshumaa na nta kupanguswa. Kitenge cha waksi nacho kilipata jina lake katika kazi ya namna hiyo.

Hata huko wengine huiga nguo kupita kiasi. Hunakili waridi la shati lililodariziwa, pamoja na vipembe vyake kama ngazi. Vipembe hivyo kwenye shati vina sababu: sindano hufuata nyuzi za kitambaa. Nta haifuati uzi wowote. Ya nini basi kuifunga?

Ninayapenda zaidi mayai ya Kosmach, kijiji cha milima ya Karpati. Kwanza hugawanywa kwa mistari tangu ncha hata ncha, ndipo pembetatu ndogo za manjano na nyekundu hujazwa, zikipungua kadiri yai linavyopungua. Liko pia pambo la mawimbi lizungukalo tumbo la yai. Kwenye nguo, mawimbi hayo hufika pindo yakakoma. Kwenye yai hurudi pale yalipoanza.