Pongezi kwa Wahandisi wa Kemikali

Uhandisi wa kemikali ni taaluma ya kugeuza malighafi kuwa bidhaa kwa wingi, kwa usalama na kwa gharama nafuu. Mafunzo ya shahada yake yalianza mwaka 1888 katika chuo cha MIT, Marekani. Leo hutolewa pia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Msingi wake ni hesabu moja: kinachoingia mtamboni lazima kitoke au kibaki ndani.

Thamani ya hesabu hiyo huonekana kazini. Katika kiwanda cha sukari, juisi ya miwa hutiwa chokaa na kupashwa moto ili uchafu utuame. Kisha huchemshwa katika matangi yaliyopangwa mfululizo, mvuke wa tangi la kwanza ukichemsha la pili, na nishati huokolewa. Mwishoni mpishi wa sukari huchota tone zito, hulipaka kwenye kipande cha kioo na kukagua chembe kwenye mwanga.

Wahitimu wengine huhudumia saruji, dawa na maji safi. Kazi yao ikienda sawa, mlaji huona sukari kikombeni tu. Wanastahili pongezi.