Mizani ya Nyaraka za Tokeni

Zimesifiwa hivi karibuni, na watu wenye jina katika kazi hii ya kuhariri nyaraka za programu, nyaraka fulani za uthibitishaji, zilizohamishwa kutoka mfumo wa zamani hadi mpya, ambazo uzuri wake wote u katika picha na rangi, ilhali mwenye kuzisoma kwa makini hukuta ndani yake sentensi moja ya uongo, nayo ndiyo sentensi ambayo usalama wa mfumo mzima umeegemea. Sifa za namna hiyo huwapoteza wanagenzi, na kwa hiyo sikuona haki kunyamaza.

Yaliyo sahili nitayapita upesi. Tokeni iliyotiwa katika anwani ya ombi, mahali ambapo kumbukumbu za seva zitainakili, ni kosa lisilo na udhuru. Ukurasa unaochanganya 401 na 403 uandikwe upya kabla ya kuhamishwa. Na asemaye kwamba sahihi ya JWT (JSON Web Token) huficha yaliyomo, hali base64url husomwa na yeyote atakaye, asipewe kazi hiyo tena. Mifano na iwe ya curl. Picha za skrini ziondolewe zote.

Walakini jambo ambalo asiye fundi hulikosa daima ni kufa kwa tokeni. Ataeleza kwa urefu inavyoombwa, inavyotolewa na inavyobebwa, lakini haulizi hufa lini, na kwa amri ya nani. Zamani, tokeni ilipokuwa herufi tupu zilizohifadhiwa katika hifadhidata, mwandishi aliandika kwa haki kwamba mtumiaji akitoka tokeni yake hubatilika papo hapo, maana safu yake ilifutwa. Kisha mfumo ukahamia JWT, ambayo seva huihakiki kwa sahihi bila kuiuliza hifadhidata, na mhamishaji akaichukua sentensi ile neno kwa neno, asijue kwamba ukweli wake ulibaki kule ilikotoka. Tangu hapo tokeni iliyoibwa huendelea kukubaliwa hadi saa ya exp, yaani mwisho wa uhai wake, itimie, isipokuwa pawepo orodha ya zilizobatilishwa ambayo seva huitazama kwa kila ombi. Na orodha hiyo, kama ipo, ukurasa hauitaji.

Kubernetes ni shahidi mwema wa maneno haya. Kabla ya toleo la 1.24, la mwaka 2022, kila akaunti ya huduma iliundiwa Secret yenye tokeni isiyo na mwisho. Tokeni ya siku hizi hutolewa kwa muda, hufungamanishwa na podi yake, na kubelet huiandika upya katika faili asilimia 80 ya umri wake ikiisha kupita. Basi agizo la kusoma tokeni mara moja tu programu inapoanza, lililokuwa sahihi kabisa chini ya utaratibu wa kale, limekuwa mtego, na waundaji wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana wakaweka ruhusa ya kuzirefusha tokeni hizo hadi mwaka mmoja, kwa ajili ya programu zisizosoma faili upya. Mimi nikipewa nyaraka za aina hiyo, hutafuta kwanza agizo la kuisoma faili tena, nikilikosa, siendelei.

Ustadhi aliyenifundisha uhariri alikuwa akianza na ukurasa unaoeleza kutoka katika mfumo, akafungua vidirisha viwili, katika kimoja akatoka, na katika cha pili akatuma ombi kwa tokeni ile ile. Jibu likija 200, yaani ombi limekubaliwa, huufunga ukurasa na kuurudisha kwa mwandishi bila maelezo. Nilimjua pia mhariri mwingine, aliyebadili neno “kikao” kuwa “tokeni” katika kurasa zote kwa amri moja ya sed, akahamisha nyaraka nzima kwa usiku mmoja, na wakubwa wake wakampongeza kwa wepesi wa kazi.

Hayakuwa hivyo maandishi ya mabingwa. RFC 7519 ya Mei 2015, inayofasili JWT na iliyotungwa na Jones, Bradley na Sakimura, ni maandishi matupu yasiyo na pambo, lakini katika mistari michache juu ya exp na istilahi zake yamo yote: tokeni isikubaliwe saa hiyo ikifika, dakika chache zaweza kuachiliwa kwa tofauti za saa za mashine, na wakati uhesabiwe kwa sekunde. Kurasa zinazosifiwa leo aghalabu hazisemi sekunde wala milisekunde, na mwandishi wa JavaScript, akitumia Date.now() kama ilivyo, hutoa tokeni itakayoishi maelfu ya miaka.

Nawasihi wahariri wenzangu: sentensi ya kufa kwa tokeni iandikwe na aliyeijaribu kwa mkono wake, na toleo la seva na tarehe ya jaribio vitajwe kando yake. Isiyo na hayo isihamishwe.