Kimea cha Ufipa

Ustadi wa kupika pombe ya nafaka ulizaliwa kutokana na tatizo moja la kikemia, nalo ni kwamba punje imejaa wanga, ilhali hamira, yaani viumbe hai visivyoonekana kwa macho vizalishavyo kileo, haiwezi kuula wanga huo mpaka ugeuke sukari. Wasumeri wa Iraki ya leo walilitatua zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na huko Abydos, Misri, wanaakiolojia wamefukua kiwanda cha pombe cha takribani mwaka 3000 KK. Hata hivyo, hakuna haja ya kudhani kwamba wapishi wa Sumbawanga, katika uwanda wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, waliazima elimu yao huko, kwa kuwa ulezi, nafaka ya pombe ya Wafipa, ni mmea wa Afrika yenyewe, ulioanza kulimwa katika nyanda za juu za Ethiopia na Uganda.

Ufipani pombe huanzia kwenye jembe. Juu ya uwanda huo wenye nyasi nyingi na miti michache, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, wakulima walibuni matuta ya mviringo yanayofukia nyasi ili zioze na kurutubisha udongo, kisha msimu unaofuata hutawanywa na ulezi kupandwa. Chuma cha majembe kiliyeyushwa katika malungu, yaani tanuri ndefu za udongo zilizovuta hewa bila mivukuto, na waliokusanyika kulima shamba la mwenzao walishukuriwa kwa pombe.

Kiini cha kazi yote, lakini, ni kimea. Ulezi huloweshwa na kufunikwa penye unyevu hadi uchipue, kisha huanikwa na kusagwa. Katika siku hizo chache mbegu, ikijiandaa kuota, hutengeneza vimeng'enya, yaani protini zinazouvunja wanga kuwa sukari. Hapa ndipo ujuzi unapopimwa, kwa maana mpishi akiwahi kuanika, kimea hukosa nguvu, na akichelewa, chipukizi huwa limekwisha kuila akiba ya punje. Unga wa kimea hutiwa katika uji uliopoa kiasi, kwani vimeng'enya hustawi kwenye joto la nyuzi 60 hivi na huharibika uji ukichemka. Mwanamke asiye na kipimajoto huamua kwa mkono wake, na kwa kawaida haukosei. Uji huo mtamu ni togwa. Ukiachwa, hamira iliyojificha kwenye kimea na katika vinyweleo vya chungu kikuukuu huuchachua. Mwaka 1857 Louis Pasteur alianza kueleza kuwa uchachu huletwa na viumbe hai, ila waliotunza chungu kimoja kwa ajili ya pombe tu walikuwa wakiifanyia kazi kanuni hiyo kabla haijaandikwa.

Bia ya viwandani hutiwa hopi, maua machungu yanayozuia bakteria, kisha husafirishwa mbali. Pombe ya ulezi haina kinga hiyo. Huendelea kuchacha hata inaponywewa, na baada ya siku chache huwa chachu isiyonyweka. Kwa hiyo haiuziki Dar es Salaam, na anayetaka kuijua hana budi kupanda mwenyewe hadi Ufipa.