Mwas Anauza Vita

Katika kambi za wachumaji chai za Kericho na Bomet, filamu ya mapigano haijulikani kwa jina la mwigizaji. Watu huuliza imesimuliwa na nani. Kwenye mabanda ya video, kuanzia Litein hadi Mogogosiek, bunduki za Hollywood na mateke ya Hong Kong yalitufikia kwa sauti ya DJ Afro, mtu tusiyemwona, anayewabatiza majambazi wa ng'ambo majina ya mtaani, anayecheka adui akiwa bado hajaanguka, anayemwonya jamaa aangalie nyuma. Mchumaji aliyetoka Kisii, jirani yake Mluhya na mwenyeji Mkipsigis huketi benchi moja, na lugha inayowakalisha pamoja ni ya huyo msimulizi. Kwetu filamu ilikuja tangu mwanzo ikiwa na mtu katikati.

Kwa hiyo kila nikitazama Nairobi Half Life, filamu ya David 'Tosh' Gitonga ya mwaka 2012, mwanzo wake hunishika kuliko risasi zote zinazofuata. Mwas, kijana wa kijijini, anauza DVD za filamu za kigeni. Hapigi kelele za bei. Anaziigiza mbele ya watu. Mwili wake mwembamba unakuwa shujaa wa vita vya kale, kisha adui wa shujaa huyo, kisha jeshi zima, na waliosimama pale wanaona filamu kabla ya kuinunua. Ni DJ Afro mwenye miguu na mikono.

Kimsuko, hapo ndipo Gitonga anapoweka sharti la filamu nzima: kuigiza ni biashara, na anayeigiza vizuri ndiye anayekula. Mwas ataigiza mbele ya wateja, ataigiza mbele ya polisi, ataigiza mbele ya majambazi, na mwishowe ataigiza jukwaani. Uhalifu katika filamu hii ni jukwaa la pili, lenye mazoezi yake, mgawanyo wa nafasi na hofu ya kusahau zamu yako. Wahakiki wengi husema kijana huyu ameishi maisha mawili. Mimi naona kazi moja iliyofanywa katika vyumba viwili, na taharuki yote inatokana na mlango ulio kati ya vyumba hivyo.

Kuna jambo dogo ambalo hupitwa haraka. Kundi la waigizaji kutoka Nairobi linapozuru mji wake, mmoja wao anamdai Mwas shilingi 1,000 ili amtafutie nafasi kwenye mchezo. Mwas ana 500 tu. Anaambiwa nyingine 500 azilete mwenyewe National Theatre. Nusu imelipwa, nusu inadaiwa. Jina la filamu limejificha katika deni hilo, kwani kuanzia hapo kila anachopewa Mwas ni nusu: nusu ya kazi, nusu ya urafiki, nusu ya mwanamke. Mama yake ndiye anayemtafutia chochote cha safari. Msomaji wa Konoin anaujua mkono wa mama huyo. Kwetu ungekuwa mkono uliotoka kupokea bonasi ya chai mwezi wa kumi, ukitoa noti mbili tatu kimyakimya baba asione.

Na safari yenyewe tunaijua. Wa Kericho hupitia Nakuru, wa Bomet hupitia Narok, na wote hushuka Nairobi wakiwa na begi na namba ya simu ya binamu. Tangu mashine za kuchuma majani zishike mashamba makubwa, mikono iliyokuwa ikitegemewa shambani imebaki bure, na gari la alfajiri halikosi abiria. Mwas naye ana binamu, kiongozi wa genge, aliyempa redio ya gari na fedha azipeleke dukani River Road. Siku ya kwanza tu ananyang'anywa kila kitu, anakamatwa, analala seli na kusafishishwa choo ambacho mtazamaji anakaribia kukinusa. Gitonga hana haraka na choo kile. Anatuweka humo hadi tuchoke, na hapo ndipo anapotokea Oti, jambazi atakayemwingiza katika genge lake.

Oti wa Maina Olwenya ndiye moyo wa filamu, nami nasema hivyo nikijua kwamba tuzo ilikwenda kwa mwingine. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alitwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la filamu la Durban mwaka huohuo wa 2012, naye alistahili. Uso wake una uwazi usiofundishika. Lakini angalia kinachomfanya aonekane. Wairimu anaigiza mtu anayeigiza, kwa hiyo kila hisia yake ina ukingo mdogo wa kujionyesha. Olwenya hajionyeshi. Macho yake hupima chumba kabla mdomo haujafunguka, na akitabasamu hujui kama amekukubali au amekusamehe kwa muda. Bila utulivu huo, vituko vya Mwas vingekuwa kelele. Mwigizaji wa namna hii humfanya mwenzake ang'ae, naye akabaki kivulini.

Lugha nayo imepangwa kama ngazi. Nyumbani ni Kikuyu. Gengeni ni Sheng. Ukikaribia jukwaa la Phoenix Players, ambako Mwas anapata nafasi, Kiingereza kinapanda bei. Mwas anapanda na kushuka ngazi hiyo kutwa, wakati mwingine katika saa moja, na kila lugha inamdai mwili tofauti: mabega yake ya River Road siyo mabega yake ya mazoezini. Yeyote aliyewahi kuzungumza Kipsigis jikoni, Kiswahili kambini na Kiingereza mbele ya meneja wa shamba, yote kabla ya saa nne asubuhi, hahitaji kufafanuliwa hapa.

Mahali filamu inaponiudhi ni kwenye mapenzi. Amina, aliyeigizwa na Nancy Wanjiku Karanja, ni mpenzi wa Oti anayejiuza mwili, na Mwas anampenda. Umbo la penzi hilo limefikiriwa vyema: kama genge linavyong'oa taa na vioo vya magari ya watu, ndivyo Mwas anavyong'oa kidogo kidogo kilicho cha rafiki yake. Wizi na mapenzi vinasogea kwa mwendo mmoja. Ila mswada umempa Amina kazi ya kupendwa, haukumpa kazi ya kutaka. Karanja anajaza pengo kwa uso wake. Kumtazama kwake Mwas kwa shaka, kama anayehesabu gharama, kunatueleza zaidi ya maneno aliyoandikiwa. Natamani kamera ingebaki naye Mwas akishaondoka, hata mara moja.

Kasoro hiyo inaonekana zaidi ukiitazama Veve, iliyotoka mwaka 2014 ikiongozwa na Simon Mukali chini ya One Fine Day Films, mradi uleule uliotoa Nairobi Half Life, ulioasisiwa na Mjerumani Tom Tykwer. Huko Maua, katika nchi ya miraa, Esther, aliyeigizwa na Lizz Njagah, ni mke aliyesahauliwa na mwanasiasa mfanyabiashara, na Kenzo wa Emo Rugene amekuja kulipiza kisasi cha baba yake. Hapo mapenzi ndiyo injini ya uhalifu. Tena zao lenyewe linaipa filamu mwendo: miraa ikichelewa imekufa, kwa hiyo magari yanakimbia na watu wanakimbia. Jani bichi la chai nalo halingoji. Lazima lifike kiwandani siku ileile, na kati ya kikapu, mizani na lori kuna wizi, mahaba na vitisho vya kutosha filamu tatu. Nchi yetu hupigwa picha kama zulia la kijani nyuma ya watu wanaotabasamu. Inastahili mwongozaji atakayeiona mizani.

Filamu ya Gitonga ilikuwa ya kwanza kuwakilisha Kenya katika kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Mtu angedhani kila aliyekuwemo angefunguliwa njia. Baadhi walifunguliwa. Paul Ogola alionekana baadaye duniani kote katika Sense8, akiwa Jela, rafiki wa dereva wa matatu. Mugambi Nthiga, aliyekuwa Cedric mwenye majivuno ya jukwaani, aligeukia kalamu, akashiriki kuandika Kati Kati na Supa Modo, kisha akaongoza Lusala mwaka 2019. Gitonga mwenyewe alihamia vichekesho vya mapenzi kwa Disconnect mwaka 2018. Ukitazama kwa makini, waliodumu zaidi ni wale waliokuwa na kazi ya pili ndani ya sanaa. Kipaji cha uso peke yake, hata kikipewa tuzo, hakina kiwanda cha kukipokea kila siku kama jani linavyopokelewa.

Maina Olwenya alifariki mwaka 2022. Niliitazama filamu tena baada ya habari hizo, nikasimama kwenye seli, pale Oti anapomwona mgeni kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeikumbuka kama onyesho la Mwas. Siyo. Ni Oti anayeamua, kwa kumtazama tu, kwamba huyu atakuwa mtu wake, na filamu nzima inaning'inia kwenye uamuzi huo usio na neno.

Polisi waliokuwa wakila na genge ndio wanaokuja kulimaliza. Mwas ananusurika, Oti hanusuriki, kisha Mwas anapanda jukwaani. Ni mwili uleule uliotuuzia vita pale kijijini, mikono ileile. Sasa mikono haina DVD. Watazamaji wa ukumbini wamevaa vizuri na wanadhani machozi yake ni ya mchezo, nao wanampigia makofi.