Adui Afapo kwa Kishindo: Utambuzi na Marejesho katika Vifo vya Wahusika Waovu, kwa Mtazamo wa Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki vifo vya kishindo vya wahusika waovu katika filamu na michezo ya video, kwa kuvitazama kutoka eneo la mpakani la Busia na Tororo, ambamo Lunyo imo. Hoja kuu ni kwamba kishindo peke yake si kipimo cha ubora wala cha ubaya wa kifo cha adui. Ngano za mazimwi na nunda zina vipimo viwili vya zamani zaidi: utambuzi, yaani jamii kuhakikisha kuwa aliyekufa ndiye hasa aliyeidhuru, na marejesho, yaani kile kinachorudi kwa watu baada ya kifo hicho. Kwa vipimo hivyo, makala yanasoma filamu tatu na mchezo mmoja, kisha yanajadili kazi ya msimulizi wa filamu na athari zake kwa sera ya lugha na ya uainishaji wa filamu.

1.0 Utangulizi

Lunyo imo katika Wilaya ya Busia, Uganda, wilaya iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Wenyeji wa sehemu hizo huzungumza Kisamia na Kigwe. Tororo wapo Wajopadhola na Wateso. Na ng'ambo ya pili, upande wa Kenya, wapo Wasamia na Wateso walewale, pamoja na Waluhya wengine na Wajaluo. Mpaka uligawa mamlaka, haukugawa ndugu. Bidhaa huvuka, na hadithi nazo huvuka. Filamu ya mapigano iliyotengenezwa Hong Kong au Marekani huweza kumfikia mtazamaji wa mpakani kwa sauti mbili tofauti: ya msimulizi wa Kiganda kutoka Kampala, anayeitwa VJ, au ya msimulizi wa Kenya, kama DJ Afro, anayesimulia kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng.

Katika utamaduni huo wa mabanda ya video, Afrika Mashariki imejiundia istilahi zake za uhakiki. Shujaa huitwa stelingi, mpinzani wake huitwa adui, na kanuni ya kwanza inajulikana hata kwa mtoto: stelingi hafi. Kwa kuwa mtazamaji anajua tangu mwanzo nani atasalia, swali linalomfanya akae hadi mwisho si kama adui atakufa, bali atakufaje. Hapo ndipo kishindo kinapoingia: maporomoko kutoka ghorofani, milipuko, miili inayochanika kwa rangi na mwanga.

Wanaoshauri kuhusu sera huyatazama mandhari hayo kwa wasiwasi, na wasiwasi huo una msingi. Hata hivyo, unapima kitu kimoja tu, nacho ni wingi wa damu. Makala haya yanapendekeza kuanza mahali pengine.

2.0 Vipimo viwili kutoka katika ngano

Katika ngano za mazimwi zinazosimuliwa na jamii nyingi za Afrika Mashariki, wakiwamo Waluhya wanaomwita kiumbe huyo linani, kifo cha zimwi hakimalizi hadithi. Mara nyingi zimwi linapokaribia kukata roho huagiza kidole chake kikatwe. Kikikatwa, hutoka ng'ombe, hutoka watoto, hutoka watu wa vijiji vilivyomezwa. Tukio hilo ni la ajabu na lina kishindo chake, lakini kishindo kimebeba mzigo: kila kinachotoka kilikuwa na mwenyewe. Hadhira haifurahii mwili unaopasuka, inafurahia waliorudi. Hicho ndicho kipimo kinachoitwa hapa marejesho.

Kipimo cha pili kinapatikana katika hadithi ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere katika mkusanyiko wake wa ngano za Kiswahili mwaka 1870. Paka wa sultani anaachwa ale vifaranga, kisha mbuzi, kisha watu, hadi anakuwa nunda. Mtoto wa mwisho wa sultani anakwenda kumtafuta. Anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mkubwa kuliko aliyetangulia, na kila mara anauliza kama huyu ndiye. Na mama yake, kwa wimbo, anamkatalia. Taharuki yote ya hadithi imejengwa juu ya swali hilo. Namna nunda anavyouawa si kiini cha hadithi. Kiini ni kwamba kuua mnyama mkubwa si sawa na kumuua mwenye hatia, na kwamba mtu mwenye uchungu aweza kuua wengi kabla ya kumfikia aliyemtafuta. Hicho ni kipimo cha utambuzi.

Shaaban Robert aliupeleka mkabala huu mbali zaidi katika Adili na Nduguze. Ndugu waovu hawauawi kwa kishindo; wanageuzwa manyani, na kosa lao linabaki likionekana katika miili yao hadi habari yote inapofichuliwa mbele ya mfalme. Uovu unatambuliwa hadharani, nao wahusika wanabaki hai ili wapate kujibu.

3.0 Filamu tatu na mchezo mmoja

Enter the Dragon (1973), filamu ya Bruce Lee iliyochangia sana kueneza mapenzi ya picha za kung-fu duniani, humalizika katika chumba cha vioo. Adui, Han, anaonekana pande zote, na kila pigo la Lee linaangukia kivuli. Anafaulu anapoamua kuvunja vioo kimoja kimoja hadi abaki Han mwenyewe. Mandhari hayo yanasifiwa kwa uzuri wake wa picha, na sifa hiyo ni halali, lakini uzuri huo unafanya kazi ileile ya wimbo wa mama katika hadithi ya nunda. Kila kioo kinachovunjika ni jibu: huyu siye. Kifo chenyewe, Han kuchomwa na mkuki, kinapita upesi. Kilichokuwa kigumu ni kumjua.

Die Hard (1988) ina mojawapo ya maporomoko mashuhuri zaidi katika sinema. Hans Gruber, aliyechezwa na Alan Rickman, ananing'inia nje ya dirisha la jengo refu akiwa ameushika mkono wa Holly, mke wa shujaa. Kinachomzuia asianguke ni saa ya mkononi ambayo Holly alipewa na kampuni yake kama tuzo. McClane anaifungua saa hiyo, na Gruber anaporomoka polepole, uso ukiwa umejaa mshangao. Wengi hukumbuka ule uso. Lakini uso huo haungekuwa na uzito bila saa. Saa ni alama ya kazi iliyomtoa Holly nyumbani; ikifunguliwa, adui anaanguka na mke anarudi. Kwa maneno ya ngano, kidole kimekatwa na aliyemezwa ametoka. Mhakiki aweza kuuliza, na inafaa aulize, kwa nini filamu inaona kwamba mwanamke lazima aachie tuzo ya kazi yake ili ahesabiwe kuwa amerejea. Swali hilo linawezekana kwa sababu kifo cha Gruber kina marejesho ya kujadiliwa.

Mortal Kombat (1992) ni kinyume chake. Katika mchezo huu, pambano likiisha na mshindi akijulikana, aliyeshindwa husimama akiyumba, na mchezaji hupewa nafasi fupi ya kubonyeza mfuatano maalumu wa vitufe ili amuue kwa namna ya kutisha. Ghadhabu iliyozuka Marekani ilichangia kuundwa kwa mfumo wa kuainisha michezo ya video mwaka 1994. Mjadala huo ulihusu damu. Kwa vipimo vya makala haya, tatizo liko pengine: kifo kinakuja baada ya ushindi. Hakimtambulishi yeyote, kwa kuwa yeyote aweza kusimama pale, awe mwema au mwovu, kutegemea nani kachaguliwa na nani. Hakimrudishii mtu kitu. Ni pambo lililobandikwa juu ya matokeo yaliyokwisha kuamuliwa. Kifo hicho kingeondolewa damu yote bado kingebaki tupu.

Mfano wa nne umetoka Uganda. Who Killed Captain Alex? (2010) ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, kwa gharama ndogo mno, imejaa vifo: milipuko ya kompyuta, helikopta inayoshambulia jiji, wapiganaji wasio na majina wakianguka kwa makundi huku msimulizi, VJ Emmie, akiwashangilia na kuwatania. Ndani ya kelele hizo, kifo kimoja tu kina uzito, nacho ni cha Kapteni Alex, na muuaji wake hajulikani hadi filamu inakwisha. Ndugu yake, Bruce U, ambaye jina lake linamkumbusha mtazamaji Bruce Lee, anatafuta kisasi, lakini swali lililo katika anwani halijibiwi. Wageni wengi wameipokea filamu hii kama kichekesho cha ufundi duni. Usomaji huo unapitwa na jambo la msingi. Hii ni hadithi ya nunda ambayo mama hakuwahi kuitikia kwamba huyu ndiye. Wanakufa wengi, na aliyeua hajapatikana.

4.0 Historia isiyo na mandhari ya mwisho

Kwa mtazamaji wa Busia au Tororo, jambo hili si la sanaa pekee. Idi Amin aling'olewa madarakani Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Alikimbilia uhamishoni, na mwaka 2003 akafia hospitalini Jeddah, Saudia. Hakufikishwa mahakamani. Hakuna aliyepata kumwonyesha kidole mbele ya umma na kuuliza, je, huyu ndiye? Na waliopotea katika utawala wake hawakutoka kidoleni. Historia ilimpa adui mkubwa kuliko wote kifo cha kimya, kitandani, mbali.

Haidaiwi hapa kwamba kila anayeshangilia adui akianguka kutoka ghorofani anamwaza Amin. Kinachodaiwa ni chepesi zaidi: jamii ambayo historia haikuipa utambuzi wala marejesho ina sababu nzuri ya kuyadai katika hadithi, na kishindo ni mojawapo ya njia za kuyadai kwa sauti.

Lugha nayo imo ndani ya jambo hili. Amin ndiye aliyekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa Waganda wengi Kiswahili kilibaki kikinukia kambi ya jeshi, kizuizi cha barabarani na mnyang'anyi wa usiku. Ni kweli pia kwamba waliomng'oa walikuja wakizungumza Kiswahili hichohicho, lakini kumbukumbu ya hofu hudumu kuliko ya ukombozi. Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Maazimio hayo ni mema, ila hayajibu swali ambalo mtu wa mpakani analijua bila kuambiwa: katika hadithi, nani husema Kiswahili, adui au anayesimulia kifo chake?

5.0 Kazi ya msimulizi

Msimulizi wa filamu hatafsiri neno kwa neno. Huwapa wahusika majina, huwafananisha na watu ambao hadhira inawajua, hueleza sababu ambazo picha imeziruka, na huzungumza na watazamaji kama fanani azungumzavyo na hadhira yake. Kwa hiyo ana nafasi ambayo mwongozaji wa ng'ambo hana: aweza kukipa kifo utambuzi na marejesho hata pale ambapo filamu yenyewe haikuyaweka. Adui anapoanguka, msimulizi aweza kumkumbusha mtazamaji makosa yake moja moja, kama mtu anayesoma deni. Akifanya hivyo kwa Kiswahili, lugha iliyohofiwa inakuwa ya anayeushitaki uovu, naye anazungumza kwa kicheko.

Uwezo huo hautumiki daima. Msimulizi aweza pia kugeuza kila maiti kuwa mzaha, akashangilia pigo bila kujali limempata nani, na hapo sauti yake inaongeza utupu uleule wa Mortal Kombat. Vilevile, sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika bila idhini ya wenye hakimiliki, na hoja ya kisanaa haiondoi hoja ya kisheria. Lakini sanaa isiyokubaliwa na sheria bado ni sanaa, na mhakiki anayeikwepa kwa sababu hiyo anaacha mojawapo ya majukwaa mapana ya usimulizi wa Kiswahili bila hakimu.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Kifo cha kishindo cha adui kinaweza kuwa na maana kama kidole cha zimwi, au kuwa fataki tu. Tofauti haiko katika wingi wa damu wala gharama ya mlipuko. Iko katika maswali mawili: aliyekufa ndiye? Na ni nini kimerudi?

Yanafuata mapendekezo matatu. Kwanza, vyombo vya kuainisha filamu nchini Kenya na Uganda visitathmini picha peke yake pale ambapo nakala inayotazamwa ina usimulizi. Sauti ya msimulizi ni sehemu ya matini, na inaweza kupunguza au kuongeza ukali wa picha ileile. Pili, walimu wa fasihi simulizi katika shule za mpakani wanaweza kuweka ngano ya zimwi na filamu iliyosimuliwa katika somo moja, ili mwanafunzi ajifunze kuuliza maswali hayo mawili kabla ya kushangilia. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ifikirie kukusanya na kuhifadhi sampuli za usimulizi huu kama inavyostahili kuhifadhi aina nyingine za fasihi simulizi. Rekodi hizo zikipotea, hakutakuwa na namna ya kujua mtoto wa Lunyo alifundishwa kumtambua nani kuwa adui, na kwa lugha gani.