Gari linavyopanda jabali la Moab

Njia ya Hell's Revenge, nje kidogo ya mji wa Moab katika jimbo la Utah, Marekani, ina urefu wa takribani kilomita 10, na msafara wa watalii huimaliza kwa saa mbili hadi tatu. Huo ni mwendo unaokaribia ule wa mtembea kwa miguu. Wanaokwenda kule wakitarajia mbio hushangaa, lakini mwendo huo wa kinyonga ndio ufundi wenyewe.

Sehemu kubwa ya njia ni mwamba mtupu. Zamani ulikuwa matuta ya mchanga wa jangwa, takribani miaka milioni 190 iliyopita, kisha mchanga ukashikamana ukawa jiwe. Kwa mbali unaonekana laini; ukiupapasa, chembe zake zinakwaruza kiganja. Tairi la mpira huung'ang'ania kuliko linavyoshika kokoto, na ndiyo maana gari hupanda kilima ambacho aliye ndani haoni mbele yake ila boneti na mbingu.

Matayarisho ya kwanza ni kupunguza upepo wa tairi. Chukua gari la kilo 2,400 lenye uzito uliogawanyika sawa, yaani kilo 600 kwa kila gurudumu. Kwa upepo wa psi 35, hesabu ya kinadharia inatoa eneo la mguso la sentimita za mraba 240 na ushei kwa kila tairi. Ukishusha hadi psi 18, eneo linakaribia mara mbili. Tairi lililolegea pia hujikunja kufuata vijongo vya mwamba badala ya kurukaruka juu yake, na tairi lililo hewani halisukumi kitu.

Halafu gia nzito. Kwenye Jeep Wrangler Rubicon ya otomatiki, ukizidisha uwiano wa gia ya kwanza, wa gia nzito ya foo wili na wa difu, unapata kama 77 kwa 1: injini inazunguka mara 77 ili gurudumu lizunguke mara moja. Dereva hahitaji kukanyaga mafuta kwa fujo. Akikanyaga ghafla, magurudumu yanateleza, na gari likianza kuteleza kwenye mwinuko mkali linaweza kugeuka ubavu. Hapo hatari huwa kubwa, kwa sababu gari lililoukabili mlima moja kwa moja lina nafasi ya kurudi kinyumenyume, ila lililokaa mshazari hubingirika. Ndiyo maana likikwama katikati ya mwinuko haligeuzwi. Linarudishwa kwenye alama zilezile za tairi.

Ziara zenyewe ni za namna mbili. Kuna ile ambayo mwongozaji anaendesha na wageni wanajishikilia. Na kuna ile ambayo mgeni anaendesha bagi, gari dogo lenye ngome ya mabomba, akimfuata mwongozaji. Mimi naiona hii ya pili kuwa mtihani mkubwa zaidi kwa mwongozaji, maana anaendesha magari ambayo usukani wake hauko mikononi mwake. Anatumia redio ya upepo, na penye ugumu hushuka na kuelekeza kwa mikono, kama utingo anayerudisha lori gereji.

Bagi nazo zina tabia zake. Nyingi hazina gia za kawaida, bali mkanda unaozunguka kati ya puli mbili. Ukitambaa na mzigo bila kuingiza gia nzito, mkanda unateleza, unapata moto na hatimaye unakatika. Wakati wa kushuka, aina nyingi zikiachwa bila mafuta kabisa mkanda huachia, injini haishiki tena, na gari linaserereka kwa uzito wake. Mgeni aliyezoea gari la mjini huondoa mguu kwenye mafuta mara tu anapoogopa, kwa hiyo onyo hili hutolewa kabla ya mteremko.

Wageni huonywa pia wasitoke nje ya njia, kwa sababu ambayo wageni huisikia bila kuitilia maanani: udongo ulio kando ya mwamba una utando wa vijidudu hai unaoushikilia usipeperuke. Gurudumu moja likiukanyaga, huchukua miongo kupona.

Kwenye vikwazo vikali kabisa, kama Hell's Gate, kuna njia ya kupita kando, na ipo misafara ya kulipia inayoichukua. Wapo watalii wanaonung'unika. Mimi ningemtilia shaka mwongozaji ambaye angewakubalia.